Usalama wa shule haupimwi kwa utepe pekee

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie namna tunavyokagua usalama wa shule zetu za bweni, jambo nililolishughulikia kwa miaka sita nikiwa mjumbe wa bodi ya usimamizi katika shule moja ya upili ya wavulana isiyo mbali na mji wa Kisumu.

Mwongozo wa usalama uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unaeleza waziwazi bweni linavyopaswa kuwa: vitanda viachane kwa mita 1.2 au zaidi, ujia usipungue mita 2, milango ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma. Masharti hayo yaliandikwa baada ya roho nyingi kupotea. Katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, wanafunzi 67 waliteketea mwezi Machi 2001 ndani ya bweni lenye vyuma madirishani, ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa. Kwa hiyo sina ugomvi na mkaguzi anayekuja na utepe wake wa kupimia. Natamani hata angekuja mara nyingi zaidi, tena bila kupiga simu siku tatu kabla, maana simu hiyo ndiyo inayoitoa mitungi ya kuzimia moto stoo na kuipandisha ukutani.

Hata hivyo, moto wa Kyanguli uliwashwa kwa makusudi. Miaka miwili kabla yake, viranja wanne wa Shule ya Upili ya Nyeri walichomwa na wanafunzi wenzao wakiwa wamefungiwa chumbani mwao. Hakuna utepe unaoweza kupima chuki iliyokwisha kukomaa kiasi hicho, na hapo ndipo ukaguzi wetu unapopwaya.

Mwaka 2019 kamati yetu ilizunguka mabweni yote na fomu mkononi, nayo yakapita. Majuma mawili baadaye mvulana wa kidato cha kwanza alilazwa hospitalini akiwa amevunjika taya. Alikuwa amepigwa nyuma ya mabafu, saa kumi na nusu alfajiri, kwa kukataa kumtekea maji mwanafunzi wa kidato cha nne. Nilipoketi na wenzake niliona aibu, kwa sababu walijua mahali, saa, na waliokuwa na mazoea hayo. Mpishi, ambaye huamka kuwasha meko kabla ya watu wote, alijua pia. Mlezi wa bweni alikuwa ameona sanduku la mtoto huyo limevunjwa kufuli mara mbili, akadhani ni wizi wa kawaida. Habari zote zilikuwamo shuleni, ila fomu yetu haikuwa na mahali pa kuziulizia.

Jambo hili si letu peke yetu. Uchunguzi wa Secret Service, idara inayomlinda rais wa Marekani, na Wizara ya Elimu ya nchi hiyo, uliotolewa mwaka 2002, ulichambua mashambulizi 37 yaliyotokea katika shule za huko na kukuta kwamba katika asilimia 81 kulikuwa na mtu, mara nyingi mwanafunzi mwenzake mshambuliaji, aliyekuwa amepata fununu mapema. Huko silaha ni bunduki na kwetu ni petroli na kiberiti, lakini siri hukaa kwa watu wale wale.

Pendekezo langu ni kwamba kila ukaguzi uwe na sehemu ya wanafunzi wenyewe. Wapewe karatasi yenye mchoro wa shule, watie alama mahali wanapopaogopa na saa wanapopaogopa, bila kuandika majina, na zoezi hilo lisimamiwe na mtu asiye mwalimu wala kiranja wa shule hiyo. Lifanywe muhula wa kwanza, wageni wakiwa bado wanazoea, na kabla ya muhula wa pili ambao mwaka 2016 ulishuhudia mabweni mengi yakichomwa. Mwalimu wa ushauri nasaha naye asiwe ndiye anayetoa adhabu. Katika shule yetu kazi hizo mbili zilikuwa za naibu wa mkuu wa shule, na sijui ni mtoto gani angemwendea mchana kumweleza siri mtu anayeweza kumfukuza nyumbani jioni.

Najua baadhi ya wakuu wa shule wanahofia kwamba karatasi kama hizo zikifika nje zitachafua jina la shule. Sisi tulizikusanya mara moja, baada ya mkasa ule. Alama nyingi zilirundikana mabafuni na kwenye njia ya kuelekea jikoni, tukaweka taa mbili, na mwalimu wa zamu akaanza kuamka saa kumi. Nilipoondoka kwenye bodi mwaka 2022, zoezi hilo halikuwa limerudiwa, ilhali fomu ya vitanda na milango ilikuwa ikijazwa kila muhula.

Mjumbe wa zamani wa bodi ya shule,
Kondele, Kisumu