Lile tanga letu limeshuka darini

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Bi mkubwa wako nilimpitia Ijumaa, kanipa mkate wa kumimina mmoja na malalamiko kumi, yote yakikuhusu wewe. Nimeyapokea kwa niaba yako. Mengine baadaye, kwanza nijibu hili: lile daftari la jalada la buluu, la vipimo vya lile tanga letu la kurusha, unalo huko Masirah, Oman, au liliingia maji? Usiniambie liliingia maji.

Sababu yenyewe ndefu. Wiki iliyopita pale kwa Mrefu wa kaiti kafika mgeni na kijifuko kidogo, ungedhani kabeba kanzu. Kutoa, kitambaa kitupu. Ngozi moja, hakina mirija ya kujazwa upepo, hakina hata kijiti, ila vikamba chungu nzima tumboni. Kakipunga mara moja kikajaa, kapanda ubao wake wa foili, ule wenye bawa chini ya maji, huyo mpaka karibu na mwamba. Alipopata wimbi akakikusanya mkononi kama anayekunja leso, akateleza nalo mpaka maji ya magoti. Vijana wa pwani vinywa wazi. Mrefu ananiambia ndiyo fasheni, imeshika tangu 2024. Nikacheka peke yangu hadi mwanafunzi mmoja akaja kuniuliza kama niko salama. Fasheni! Fasheni hiyo iko darini kwangu nyuma ya madebe ya rangi, imelaliwa na panya tangu huyo mwanafunzi hajajua kuogelea.

Unakumbuka ulivyokuja na zile karatasi za wino hafifu, michoro ya NASA, shirika la anga la Marekani, ya miaka ya 60, nami nikadhani umepata homa? Tanga lisilo na foromali wala mlingoti, kitambaa na kamba basi, eti walitaka kushushia watu kutoka angani. Fundi alikataa katakata. Hashoni parachuti, asije akaitwa kituoni kujieleza. Akalainika tulipomwambia kuwa la kwanza kabisa, mwaka 1948, bibi Gertrude Rogallo alilishona kule Virginia kwa pazia la jikoni, na mumewe Francis, injinia wa ndege, alikuwa akiyajaribu mambo yao nyumbani kwa feni. "Pazia?" akasema Fundi. "Pazia nashona." Nimeyasimulia haya yote pale kwa Mrefu, na jinsi NASA wenyewe walivyoliacha, vyombo vyao vya anga vya Gemini vikashuka baharini kwa parachuti za kawaida, na umbo lao la namba 5, ndilo letu hili, likaishia kwa wapenda tiara kama sisi. Hakuna hata mmoja aliyeniamini. Ungekuwepo ungeniapia.

Basi nikalishusha. Kitambaa kizima, wallahi. Zile kaiti mbovu tulizozichinja zilikuwa za polista nzuri. Rangi ya machungwa imekuwa ya embe lililolala juani, lakini mshono wa Fundi haujaachia hata tundu moja. Tatizo ni kamba za tumbo. Panya wamekula mbili upande wa kushoto, ya pili na ya tatu kutoka puani mwa tanga. Nikanunua kamba, nikapima wenzao wa kulia, nikakata mbili sawasawa, nikafunga. Umeona nilipokosea? Nilipima kabla ya fundo. Fundo likikaza linakula vidole viwili, na ndilo jambo ulilokuwa ukinifokea kila siku: funga, ning'iniza uzito, ndipo upime. Nimekusikia sasa, miaka kumi na tano baadaye.

Jumatatu ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mpaka huko, mchanga mtupu, na kaskazi ya kutikisa minazi bila kuangusha kitu. Nikalilaza chali, nikalikandamiza mchanga ukingo wa nyuma, nikarudi nyuma na vishikio mpaka kamba zikanyooka. Nikavuta. Bwana we! Nilikuwa nimesahau. Kaiti za siku hizi zinapanda taratibu pembeni ya upepo, unazipeleka kwa vidole viwili kwenye baa, kile kijiti cha kushikia. Hili halina adabu hiyo. Linajaa mara moja, mbele yako, usawa wa kifua, na linavuta kama ng'ombe aliyesikia jina lake. Likipanda halikai utosini kama mengine, linabaki nyuma kidogo, ndani ya upepo, ndiyo maana halikupiti likakuangukia kisogoni. Kamba zikilegea pua inajikunja, unasema basi limekufa, halafu linajifungua lenyewe. Ukivuta kamba za breki zote mbili linasimama, linarudi kinyumenyume, linatua kitako. Breki moja, linazunguka palepale lilipo. Kwa dakika ishirini nilikuwa kijana.

Ubaya wake nao haujazeeka. Kubisha halijui. Ngalawa ya babu yako yenye tanga la marekani lililotoboka ilikuwa inabisha kuliko hili. Unalibembeleza liende joshini, linakupa hatua mbili mbele na tatu za kuangukia demani. Na sasa, kwa ajili ya vidole vyangu viwili vya fundo, likawa kila likipanda linalalia kushoto. Nikawa naelekea Jambiani bila kuaga mtu.

Hapa ndipo utakaponigombeza. Zile kanda za kufunga mkononi, zinazoshika breki ukiachia vishikio, zilikuwa zimeoza zote mbili, nikazikata nikasema nitaweka nyingine kesho. Najua. Najua, usiniandikie ukurasa mzima. Upepo ukapiga ghafla, na kuachia maana yake ni kulipoteza, basi sikuachia. Likanilaza kifudifudi likaniburura. Nikafanya lile tulilowakataza watoto wote wa pwani hii: nikaishika kamba yenyewe kwa mkono. Vidole viwili vya kushoto, hadi kwenye nyama. Lilikuja kusimama kwenye mashamba ya mwani, limejizungusha kwenye vigingi saba, nami nimelala kati yake kama pweza aliyekwisha pigwa. Akina mama wakanitazama kimya kwanza. Kisha mmoja akauliza kama nimetoka kwa Mrefu au nimetoka mbinguni.

Vigingi nimewarudishia, na asubuhi mbili nimewafungia mwani kwa mkono mmoja. Wamecheka hadi wamesamehe. Shemeji yako yeye hajacheka. Kaliona limeanikwa uani, kasema tanga ni hilo moja, likizidi yatakuwa matanga. Tangu hapo sijalitaja ndani ya nyumba.

Sasa rudi kwenye daftari. Utasema kata upya kamba mbili kwa kufuata za kulia, safari hii pima baada ya fundo. Nimefikiria hilo. Lakini za kulia zenyewe siziamini tena. Zimekaa na chumvi miaka yote hii, zile zenye ala zimenywea, nyingine zimelegea. Moja nimeipima mara tatu nikapata namba tatu, na mara zote tatu nilikuwa nimekunywa chai. Ninachokiamini ni mgongo wa tanga tu, kwa sababu Fundi aliupiga utepe haukuvutika: mita 2 na sentimita 60. Na wewe, akili zako zile, hukuandika kamba kwa sentimita. Kila kamba uliiandika kuwa ni sehemu fulani ya mgongo, kama zile karatasi, ili siku tukitaka dogo tukate dogo. Nilikucheka. Nipe sehemu hizo, hesabu nitapiga mwenyewe. Piga picha ukurasa utume, hata kama pembeni umeandika yale mambo ya yule binti wa Bwejuu. Sitasoma. Nitasoma kidogo.

Na lingine, ambalo ndilo lililonifanya nikae kuandika badala ya kukupigia simu ukanicheka. Nilimpelekea Fundi alione. Macho yanamwishia, sahibu. Siku hizi mjukuu ndiye anayemtungia uzi. Hakulitazama kabisa, alipitisha kidole kwenye mshono wa mgongo tangu puani mpaka mkiani, polepole, akasema, "Hili nilitumia sindano namba 14." Kisha akauliza kama vipimo tunavyo bado. Anataka ashone dogo, la mkononi kama la yule mgeni, yeye kwenye cherehani na mjukuu akikata. Kasema kabla ya kusi. Hakusema kwa nini kabla ya kusi, nami sikumuuliza. Kitambaa ninacho, Mrefu kanipa kaiti mbili zilizopasuka, moja nyeupe tupu. Kisicho mkononi ni namba zako.

Basi nijibu. Daftari liko wapi? Kama limepotea, zile karatasi za NASA ulimwachia nani, Kaka Bofu au yule wa ofisi ya meli? Breki tulifunga fundo la pili au la tatu kutoka kwenye kishikio, maana nimeliweka la tatu na naona linachelewa kugeuka? Kishikio chenye utepe mwekundu kilikuwa cha kushoto, au nimelirusha nimelibadilisha mikono, na nimemsingizia panya wa watu? Huko Masirah kabla ya kusi kuwachapa mnafanya nini, mnakaa tu mnatazama kobe? Mkataba wako unakwisha mwezi gani? Bi mkubwa wako anasema wa nne, wewe ulimwambia Mrefu wa sita, nimwambie Fundi upi?

Ni mimi wako,
mwenye vidole vinane

Mkate wa Bi mkubwa wako tuliumaliza usiku uleule. Malalamiko nimekuwekea.