Kwa mdogo wangu, kuhusu kazi hii unayoitamani

Mdogo wangu mpendwa,

Nifikishie shikamoo zangu kwa Baba na Mama. Waambie mimi ni mzima na kazi zinaendelea. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Unataka kuacha ajira uwe mtayarishaji wa filamu wa kujitegemea kama mimi. Kabla sijasema ndiyo au hapana, ujue kwanza mtayarishaji anakula wapi, na anakula lini.

Wengi hudhani mtayarishaji ndiye mwenye fedha. Fedha ni za wawekezaji. Yeye huanza na hadithi mkononi, akaitafutia mwandishi, mwongozaji, waigizaji, mawakili, mwishowe watazamaji. Filamu ikikamilika mwongozaji huhamia nyingine. Mtayarishaji hubaki nayo miaka mingi, akidai hesabu za mauzo.

Cha kwanza ni haki. Ukipenda riwaya, humlipi mwandishi bei yote siku hiyo. Unamlipa kiasi kidogo asiiuze kwa mwingine kwa muda mliokubaliana, nawe unatafuta mtaji. Muda ukiisha bila kuuongeza, riwaya inarudi kwake hata kama umeitolea jasho la miaka. Na kila aliyegusa muswada atie saini. Wasambazaji hudai mlolongo mzima wa hati hizo, na bila huo hupati bima dhidi ya madai ya umiliki. Nimeona filamu nzuri sana ikikwama kwa sababu mwandishi wa rasimu ya kwanza hakuwahi kusaini. Iliniuma, ingawa haikuwa yangu.

Mtaji nao hautoki mfuko mmoja. Kuna ruzuku, nafuu ya kodi ya nchi mnakopigia picha, televisheni au wasambazaji walionunua filamu kabla haijapigwa, na mkopo wa kuziba pengo. Kila mmoja husubiri mwenzake atangulie, na hapo ndipo miaka inapokwenda. Ndiyo maana tunakwenda kwenye masoko ya filamu: Marché du Film la Cannes, Ufaransa, lililoanza 1959, au CineMart la Rotterdam, Uholanzi, linalokutanisha miradi ya filamu isiyopigwa bado na watu wa kuigharimia. Unakaa mezani, unasimulia filamu ambayo haipo, anayefuata anaketi, unasimulia tena. Mimi napenda saa zile kuliko hata usiku wa onyesho la kwanza.

Sasa foleni ya malipo. Tiketi ikiuzwa, ukumbi unachukua fungu lake, msambazaji anakata kamisheni na gharama zake, kisha wakala wa mauzo, benki, wawekezaji pamoja na nyongeza yao. Kikibaki kitu ndipo mtayarishaji anagawana faida na wenzake, na mara nyingi hakibaki. Ujira wake umo ndani ya bajeti, lakini bajeti isipotosha ndio hukatwa au kuahirishwa kwanza. Kwa hiyo upiganie ujira huo kwenye mkataba, na usipange maisha kwa kutegemea faida.

Waliodumu walidumu kwa watu. Mtayarishaji Ismail Merchant alianzisha kampuni na mwongozaji James Ivory mwaka 1961, wakafanya kazi pamoja hadi Merchant alipofariki 2005, na kwa miongo mingi mwandishi wao alikuwa Ruth Prawer Jhabvala. Mtayarishaji Christine Vachon, aliyeanzisha kampuni ya Killer Films na Pamela Koffler mwaka 1995, amemtayarishia mwongozaji Todd Haynes filamu baada ya filamu. Mtafute mwongozaji mmoja ambaye ungekuwa radhi kuzeeka naye kazini. Hilo naliona muhimu kuliko chuo.

Ajira usiiache bado. Tayarisha filamu fupi nje ya saa za kazi, ushike bajeti na mikataba wewe mwenyewe. Na makubaliano uliyoandikiana na yule rafiki yako mwandishi, usiyasaini. Nitumie kwanza niyasome, hasa kipengele cha muda na cha nani anamiliki rasimu.

Dada yako akupendaye