Siku si Mbaya, Saa Ndiyo Mbaya

Mwenzangu Kahindi,

Salamu sana wewe, shemeji na watoto. Huku sote tu wazima. Mamako nilikutana naye juzi akitoka sokoni, akaniuliza kama huwa unaniandikia. Nikamwambia ndiyo, akanyamaza. Hayo mtamalizana wenyewe.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mkubwa wako wa kazi anataka kuvua kwa rodi, hataki kutoka nje ya mwamba kwa sababu ya mawimbi, na wewe ushampangia Jumamosi saa tatu asubuhi, "tukishakunywa chai". Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuchungulia. Mtu aliyekulia Mnarani, hapa Kilifi! Kahindi, Jumamosi hiyo ni bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kukauka, mwezi utakuwa umeandama majuzi tu. Na bamvua ya huku unaijua hata ukae Nairobi miaka mia: maji hujaa alfajiri, ikifika saa nne, saa tano, yamekauka, kisha hurudi yakajaa saa kumi au kumi na moja jioni. Mkija saa tatu mtanikuta nimekaa mchangani, boti imelala ubavu, kama mtu aliyefiwa.

Siku si mbaya basi. Saa ndiyo mbaya. Chai kunyweni kwa raha zenu, mle na chakula cha mchana, mje saa tisa u nusu.

Nitakueleza sababu, maana najua bwana mkubwa atakuuliza, na wewe hupendi kuonekana hujui. Wageni hunisifu kwamba najua samaki walipo. Samaki sijui, maji ndiyo ninayoyajua. Pale chini ya daraja, unakumbuka, pana kina na mkondo una nguvu. Lakini ukiingia ndani ya hori, Bahari ya Wali inafunguka, upana mtupu, na pembeni mikoko. (Wewe ndiwe uliyeniambia kwamba tukivumilia, siku moja tutaikuta imeiva. Nilikuamini, nadhani, mpaka darasa la tatu.) Maji yakijaa hupanda mpaka katikati ya mikoko, na kila kidogo hupanda nayo: kamba, chaa, mkizi wachanga, vikaa. Humo kwenye mizizi mtu harushi ndoana, ataacha uzi wote. Basi tunangoja. Maji yakigeuka, hao wote lazima watoke, na njia zao ni vile vijito vyembamba baina ya mikoko, kwa sababu atakayechelewa atabaki kwenye tope, ale na korongo. Kolekole hana haja ya jedwali la maji la bandari. Anakuja mwenyewe kusimama kwenye mdomo wa kijito, anangoja kuletewa. Mzia naye anakaa nyuma kidogo, kwenye maji ya ndani, hajitikisi, utadhani ni kijiti.

Ndiyo maana nazima mashine mbali, nashika upondo. Mashine yangu ni ya farasi kumi na tano tu, lakini kwenye maji ya kiunoni kelele yake ni kama trekta msikitini. Kazi yote ya kuongoza wageni, ukitaka kujua, iko kwenye upondo: kuisogeza boti bila kuigonga chini, kuiweka ili jua lisitupe kivuli chetu mbele ya samaki, na kuzuia ule mkondo usitupeleke juu ya kijito chenyewe. Mgeni yuko omo na rodi yake, mimi niko tezi na mti wangu, namwonyesha kwa kidole. Akirusha vizuri namsifu. Akirusha kwenye mkoko namsifu pia, kisha naenda kuitoa.

Kwa chambo, natumia samaki wa bandia mwenye ndoana moja, si tatu. Wakati mwingine manyoya meupe ya kuku tu, kama yale aliyokuwa akirambazia babako. Wageni wenye vifaa vya bei ghali hukasirika wakiona manyoya ya kuku yanawashinda. Mwanzo wa uzi, karibu na ndoana, lazima nitie kipande cha waya, kwa ajili ya mzia. Meno yale hukata nailoni usihisi hata mshtuko.

Sasa nifike kwenye lile nililokuwa nikiliogopa kukuandikia.

Wengi wa samaki hawa tunawaachilia.

Najua unavyokunja uso. Mjomba alipolisikia mara ya kwanza hakunisemesha siku tatu, na aliponisemesha alisema neno moja: "Unachezea riziki." Nilimwelewa. Mtu ameamka saa tisa usiku miaka arobaini ili watoto wale, kisha anamwona mpwa wake anapokea pesa ili amshike samaki, apigwe picha naye, amrudishe majini. Miezi ya kwanza nilikuwa nikifanya huku natazama pwani, nisije nikaonekana. Mara moja mgeni aliachilia kolekole wa karibu kilo nne na mtoto mmoja aliyekuwa akitafuta kaa akatupigia kelele, "Nipeni mimi!" Nikaona haya, nikampa chaa wawili tuliokuwa nao. Hakuniambia asante, na sikumlaumu.

Lakini nimekaa na jambo hili sasa, na maoni yangu yamegeuka, si kwa sababu ya pesa tu. Kolekole tunaowapata huku ndani ni watoto. Yule mkubwa wa jamii hiyo, anayepita urefu wa mita moja, yuko nje kwenye mwamba. Huku ni shule yake ya msingi. Na chewa ndiye aliyenishangaza zaidi. Wengi wa jamii ya chewa huanza maisha wakiwa majike, na wakisha kuwa wakubwa ndipo baadhi yao hugeuka madume. Yaani wewe ukimtoa yule mkubwa, mnene, ambaye kila mtu anamtamani, kuna uwezekano ndiye bwana harusi pekee wa mtaa mzima. Nilipomwambia Mjomba hilo alisema, "Sasa mnawachungulia mpaka huko." Lakini tangu siku ile, akipata chewa mchanga kwenye mshipi namwona anamtazama kidogo kabla ya kumtia kapuni. Anamtia, lakini anamtazama.

Kanuni yangu basi ni hii, na umweleze mkubwa wako mapema tusije tukagombana majini. Kila chombo kinarudi na samaki wa kutosha chungu kimoja: changu, kolekole mmoja wa kiasi, mzia akipatikana. Chewa mkubwa anarudi kwake. Na anayerudi, anarudi akiwa hai, si kwa kutupwa. Ule mwiba mdogo wa ndoana huwa nimeubana kwa koleo kabla hatujaondoka, ili itoke bila kupasua. Mikono mtailowesha kwanza, maana mkono mkavu huondoa ule ute wa ngozi, na ute ndio kinga yake. Picha ni moja, upesi. Kisha namshika mkiani na chini ya tumbo, kichwa kikielekea mkondo, mpaka yeye mwenyewe anipige mkia aondoke. Wako wanaochukua muda. Nimewahi kusimama majini na kolekole mmoja mpaka mgeni akaniuliza kama tunafahamiana.

Kama bwana mkubwa ana ndoto za nduaro, yule wa pua ndefu wa kwenye picha za hoteli, mwambie si huku na si Agosti. Hao ni wa maji marefu, na boti zao kubwa ziko Watamu na Malindi, zinangoja upepo wa kaskazi. Upepo wa kusi bado utakuwa unavuma mtakapokuja, nje pamechafuka. Ndiyo faida yetu sisi wa ndani: wakati wao wamefunga boti, sisi tunavua tukiwa tumevaa kofia, na kofia haipeperuki.

Usije ukadhani nimekuwa fundi asiyekosea. Mwaka jana nilikuwa na wageni wawili, mke na mume, wazee wapole. Samaki walikuwa wanashika kweli kweli, mimi nikanogewa, nikawaambia "mara moja tena", "mara moja tena", na bamvua inakauka. Nikaja kushtuka boti imekaa. Nikasukuma, nikashuka kwenye tope mpaka mapajani, haikwenda. Tukakaa pale zaidi ya saa tatu katikati ya uwanja wa mchanga. Akina mama waliokuwa wakirudi kutoka kuokota chaza wakapita kwa miguu, tena kavu kabisa, na mmoja akasimama akaniuliza, "Nahodha, hapo umepanda mihogo au mahindi?" Mgeni akataka nimfasirie. Nikamwambia wanatusalimu.

Tangu siku hiyo nina saa ya mkononi, na ikilia naondoka hata samaki akiwa hewani.

Vitu vya kuja navyo ni vichache. Viatu vya kufunga, hata vikuukuu, maana chaza waliogandama kwenye mizizi hukata kama chupa. Mtakaposhuka kwenye maji ya chini mburure nyayo, msizinyanyue, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba, aliyejifukia mchangani asikie na aondoke zake. Hilo wafundishe watoto hata huko nyumbani, kwenye zulia. Jaketi za kuokolea ninazo, za watoto pia, na hakuna atakayekaa botini bila jaketi, hata wewe unayejua kuogelea. Mafuta ya jua mpake nyumbani, mnawe viganja kabla ya kushika chambo. Karatasi za chombo na leseni ni juu yangu. Chakula mke wangu atapika mahamri, na maji yakisimama pale kabla ya kugeuka tutayala, kwa sababu dakika hizo hakuna samaki anayeshika kitu na mtu mwenye njaa huwa na maneno.

Nasema mje jioni pia kwa sababu nyingine, ambayo sikutaka kuianza nayo usije ukasema nimekuwa mtu wa kuuza maneno. Kwa kuwa mwezi utakuwa mchanga, utatua mapema, na tutarudi gizani. Wakumbuka yale maji yanayong'aa ukiyapiga? Bado yapo. Upondo ukiingia unawaka mpaka chini, na mkizi akikimbia unaona mstari wake tu. Nimewaeleza wageni kwamba ni vijidudu vidogo mno majini, vinavyotoa mwanga vikitikiswa, na wanatikisa vichwa, kisha wanatia mkono majini kama watoto. Wanao wakubwa sasa na hawajayaona hata siku moja. Wewe uliyaona kabla hujajua kusoma. Nadhani mkubwa wako anaweza kuvua siku yoyote, lakini hao watoto ningependa wakae omo wakati wa kurudi, yeye ahamie katikati. Umwambie wewe, mimi siwezi kumwamrisha mgeni.

Kwa yeye nitatoza bei ya kawaida, asidhani ni undugu. Kwako petroli tu. Na usiniletee maneno ya "nitakutumia baadaye", tunafahamiana tangu kuuza korosho kwenye feri, na hesabu ya siku ile ya mwisho kabla daraja halijafunguliwa bado hujaikamilisha.

Mshipi wa babako ninao, umezungushwa kwenye kibao kile kile chenye alama za kisu. Nailoni nimeibadilisha, ilikuwa imeoza, lakini chubwi ya kuzamishia ni ile ile. Nitauweka botini. Rodi ziko tatu, na wewe sitakupa.

Nijibu upesi nijue mko wangapi. Na umwandikie mamako, umwambie siku hiyo atie maharagwe motoni mapema, asingoje samaki wetu, isije ikawa kama mara ile.

Wako,
Bakari