Ndege wa mlango wa Lukuledi wahesabiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaombe wahusika wa Manispaa ya Lindi, pamoja na walimu wa sekondari zetu, wawahesabu ndege wa mlango wa Mto Lukuledi kila Januari, mwezi ambao hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini, iliyoanza mwaka 1967, hufanyika katika nchi nyingi.

Januari haikuchaguliwa kiholela. Wakati huo sululu na vitwitwi waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia wametulia kwenye tope letu, na hapo hapo huonekana yule ndege mweupe wa mgongo mweusi, mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye huzaliana ndani ya mashimo ya mchanga huko pande za Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi.

Kinachotakiwa ni darubini, daftari na kuijua bahari. Siku za bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa asubuhi, na ndege hutawanyika mbali. Yanapojaa mchana, kuelekea saa kumi jioni, huwasukuma kidogo kidogo hadi karibu na mikoko, na kwa kuwa mji wetu uko magharibi ya ghuba, jua huwa mgongoni mwa mtazamaji. Anayekwenda asubuhi ataambulia vivuli.

Ndege mbuai nao wasiachwe, ingawa wengi wetu kila mwenye kucha kali humwita mwewe. Kwazi, mwenye kichwa na kifua cheupe, humnyakua samaki juu juu ya maji. Yule mgeni mwenye mstari mweusi unaopita jichoni hujitosa kwa miguu, pengine akazama mwili mzima, kisha huondoka amemwelekeza samaki kichwa mbele. Nadhani wavuvi wa Kitunda wangetufundisha zaidi.

Sehemu ya Kilwa, katika mkoa huu huu, imo ndani ya ardhi oevu ya Rufiji-Mafia-Kilwa iliyoorodheshwa mwaka 2004 chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhi oevu. Ghuba yetu haimo. Siku mikoko itakapotakiwa kwa boriti, au tope kufukiwa kwa ujenzi, mtetezi wa ndege asiye na hesabu ya miaka kadhaa hatakuwa na la kuweka mezani ila mapenzi yake. Ndiyo maana naomba madaftari hayo yatunzwe katika ofisi ya maliasili ya manispaa, si majumbani mwetu, ambako karatasi huishia kufungia karanga.

Msomaji wako,
Lindi