Mashine ya presha inawazidishia hofu ya uzee: tuweke mpaka wapi?

Ndugu Mshauri,

Baada ya salamu, tunaomba utusaidie jambo linalotukwamisha. Sisi ni wanasihi, tunaongoza kikundi cha watu wa miaka 45 kwenda juu wanaosumbuliwa na hofu ya kuzeeka. Sehemu kubwa ya hofu hiyo inashughulikika. Iliyotushinda ni tabia ya kujipima na kujichunguza kila mara, na hapo hata sisi wenyewe hatuelewani.

Tukueleze kwanza tunayoyafanya, usije ukapoteza muda kuturudisha huko. Mtu akija analalamika kwamba moyo unamwenda mbio na halali, hatuharakishi kuuita wasiwasi. Anakwenda kupimwa kwanza. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi huleta dalili hizo hizo, na upungufu wa damu nao huukimbiza moyo. Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi, jambo linalowafika wengi kati ya miaka 45 na 55, anaweza kupata wasiwasi, majasho na usingizi wa mang'amung'amu kwa sababu ya homoni tu. Tunauliza pia dawa anazotumia, hasa za pumu, za kuzibua pua na za jamii ya steroidi. Tunauliza na kahawa anainywa saa ngapi, maana zikipita saa 5 hivi tangu ainywe, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini.

Akishapimwa, tunampa muda maalumu wa wasiwasi: dakika 15 hadi 20 kila siku, saa ile ile, mbali na saa ya kulala. Anaandika kila linalomtisha. Lenye la kufanyika linapewa hatua na tarehe, lisilo na la kufanyika linasubiri kesho saa ile ile. Wengi huharibu hapa kwa kuandika "naogopa uzee" na kuishia hapo. Hofu pana namna hiyo haina pa kuishikia, kwa hiyo tunambana: unaogopa nini hasa katika uzee? Kuanguka? Basi kuna kuinuka kitini bila kujishikiza, na kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, na kwa waliofikisha miaka 65, mazoezi ya kujimudu mwili usiyumbe angalau siku 3. Unaogopa kusahau? Kukwama kwenye jina la mtu ukalikumbuka baadaye ni jambo la kawaida la umri. La kumpeleka mtu kwa daktari ni kupotea kwenye njia aliyoizoea, au kushindwa kufuata hatua za kazi aliyoifanya miaka yote. Mtu akiishapewa tofauti hiyo waziwazi, mara nyingi hutulia.

Sasa tatizo lenyewe. Mtu anaamka usiku wa manane, anajifunga mkanda wa mashine ya presha juu ya nguo, amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia. Inasoma 148 kwa 92. Anashtuka, anapima tena papo hapo: 155. Anarudia hadi apate 134, ndipo anapumua. Kukaa vibaya na mkanda kupita juu ya nguo vyatosha kupandisha namba, na mshtuko wenyewe ukaongeza. Lakini kinachotutia hofu zaidi ni ile nafuu ya mwisho. Inamfundisha kwamba njia ya kutoka kwenye hofu ni kupima, na usiku unaofuata ataitafuta mashine mapema zaidi. Anayejikagua mvi na mikunjo kwenye kioo, anayejishika mapigo ya moyo, anayemuuliza mwenzake kila siku kama amechakaa, wote wako kwenye mzunguko huo huo.

Tunachowapa ni ratiba. Apime siku 7, asubuhi na jioni, kila kikao mara 2 kwa kupishana dakika 1. Nusu saa kabla, asinywe kahawa, asivute sigara, asifanye mazoezi. Aende haja ndogo, kisha akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote sakafuni, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi tupu. Namba za siku ya kwanza zinaachwa, zilizobaki zinatafutiwa wastani na kupelekwa kwa daktari. Kisha mashine inawekwa kando mpaka tarehe waliyokubaliana naye. Tahadhari moja hatuilegezi: ikifika 180 kwa 120 au zaidi, pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito ghafla, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Ratiba hiyo inawafaa wengi. Inagonga mwamba kwa mtu mwenye presha ya kweli ambaye daktari mwenyewe amemwambia apime kila siku. Huyo kila kipimo ana sababu nacho. Baadhi yetu wanataka mashine iondolewe nyumbani, apimwe kituoni tu. Wengine, na ndio wengi, tunaona hilo ni kumnyima mtu taarifa anayoihitaji kwa matibabu yake. Isitoshe, aliyenyang'anywa mashine huanza kujishika mapigo, na hofu inabaki pale pale. Njia ya kati tunayoifikiria ni kuchelewesha: hamu ya kupima nje ya ratiba ikija, asubiri dakika 10, akivuta pumzi taratibu na kuitoa kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta. Wiki inayofuata asubiri 20, na kuendelea. Je, umeona ikifanya kazi kwa mtu ambaye ugonjwa wake ni wa kweli, au ni heri kukata mara moja?

La pili ni watu wa nyumbani. Tunawaomba watoto wasijibu kila mara "mama, huna kitu", kwa kuwa jibu hilo nalo linageuka kipimo. Wanatuona tuna roho ngumu, na mama mwenyewe anajiona ametupwa. Wapewe maneno gani ya kusema badala yake, yenye huruma lakini yasiyomthibitishia kitu?

La mwisho ni dawa. Wasiwasi ukimzuia mtu kulala au kufanya shughuli zake kwa wiki kadhaa, tunampeleka kwa daktari. Dawa za kutibu wasiwasi huchukua wiki kadhaa kabla hajaona tofauti, na ndani ya kipindi hicho wengi huomba zile za kutuliza haraka, ambazo kwa wazee huongeza hatari ya kuanguka na kuchanganyikiwa, na kuziacha ni kazi. Tumshike vipi mtu katika wiki hizo, hasa anayeishi peke yake, asiyekuwa na wa kumtunzia hata hiyo mashine?

Wako,
Wanasihi wa kikundi