Barua ya wazi kwa mpwa wangu, karani wa kituo cha afya

Mpwa wangu mpenzi,

Salaam aleikum. Mamako ameniambia kwamba baada ya kukosa nafasi ya udaktari umeona mambo ya afya si fungu lako, na kazi ya kuandikisha wagonjwa hapo kisiwani Pate waifanya kwa kupitisha siku tu.

Basi nikupe habari za Richard Titmuss, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1907 na ambaye hakusomea shahada yoyote. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa kampuni ya bima jijini London, na nje ya saa za kazi alizichambua takwimu za vifo ili ajue kwa nini watoto wa maskini wakifa zaidi kuliko wa matajiri. Mwaka 1950 chuo cha London School of Economics kilimpa uprofesa. (Vyuo vyetu, kwa vinavyopenda vyeti, sidhani kama vingemruhusu kupita getini.) Mwaka 1964 yeye na wenzake walitoa ripoti juu ya huduma za afya za Tanganyika, wakasisitiza kinga na vituo vya afya vya vijijini, wakati ambapo hospitali kubwa ndizo zilizokuwa zikitamaniwa na wengi.

Sasa litazame daftari lako. Mama mjamzito akipewa rufaa kwenda Lamu mjini, boti hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, na Mkanda hautaki haraka ya mtu: maji yakitoka, hasa siku za bamvua, chombo hungoja, kusi likichafuka, nahodha husita. Ukizipanga saa za rufaa za mwaka mzima kando ya saa za maji, utaona nani alichelewa na kwa nini, na hapo ndipo utakapoweza kuuliza boti ya wagonjwa ilazwe wapi na mafuta yake yalipwe na nani. Swali hilo lina wa kulijibu, kwani tangu 2013 hospitali na vituo vyetu viko chini ya kaunti, na Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi.

Shahada ya afya ya jamii ipo, na kitakachokutoa jasho humo ni takwimu, si damu. Kabla hujaomba nafasi, mwombe msimamizi wako ruhusa ya kunakili safu za tarehe, saa na kijiji. Majina ya wagonjwa yaache palepale.

Mjomba wako,
Malindi