Kwa wachungaji wetu wa makanisa ya Kiswahili hapa Marekani

Bwana asifiwe, watumishi wa Mungu.

Nawaandikia ninyi mnaochunga makanisa ya Kiswahili katika nchi hii, wengi wenu vijana niliowajua tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mkibeba spika za kwaya kichwani. Mimi si mchungaji. Ni mzee wa kanisa, na kwa miaka tisa sasa ndiye ninayeshika ufunguo wa jengo tunalopanga hapa Kentucky. Wenye jengo, Wamarekani, husali saa nne asubuhi. Sisi huingia saa saba mchana, wao wakiwa wameshaondoka na harufu ya kahawa yao ingali ukumbini.

Ukutani karibu na mimbari pana ubao wa mbao wenye namba za kuchomeka: waliohudhuria leo, waliohudhuria Jumapili iliyopita, sadaka. Jumapili moja mwezi wa pili nilikuta 14. Sisi siku hiyo tulipita 160, na mmoja wenu, aliyekuja kutuhubiria, aliunyooshea ubao ule kidole akasema Mungu amewanyang'anya hawa akatupa sisi. Kanisa zima likapiga vigelegele. Mimi nilishindwa, na tangu siku ile sina raha.

Ni kweli kanisa la Marekani linapungua. Mwaka 1999 Gallup, shirika la kura za maoni, walipouliza, watu 70 kati ya 100 walisema wameandikishwa katika kanisa, sinagogi au msikiti. Mwaka 2020 walikuwa 47, mara ya kwanza kushuka chini ya nusu tangu waanze kuuliza miaka ya 1930. Ninyi huwa mnasema Wamarekani wameasi, wamependa pesa na mpira. Yapo hayo. Lakini mama mmoja mzee wa kanisa lile, ambaye hukutana nami mlangoni tunapopishana, aliniambia jingine. Zamani darasa lao la watoto lilikosa viti. Kisha kiongozi wa vijana akamtendea mtoto uovu, wazee wakajua, wakamfanyia karamu ya kumuaga na kumpa barua nzuri ya kwenda nayo kanisa jingine. Hakuna aliyegombana, alisema. Familia moja moja ikaacha kuja.

Wala si wao peke yao. Mwezi wa tano 2022 ilitoka ripoti ya uchunguzi juu ya Southern Baptist Convention, ushirika mkubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini humu. Ikaonekana kwamba makao makuu walikuwa na orodha ya siri ya wachungaji na watumishi waliotuhumiwa kudhulumu watu kingono, zaidi ya majina 700, huku waathirika waliopiga simu kuomba msaada wakizungushwa miaka na miaka. Wakatoliki yao yaliwekwa wazi Boston mwaka 2002. Watu hawa hawakuikimbia Injili kwanza, wanangu. Walianza kwa kutowaamini walioishika.

Sasa tuyaseme ya kwetu, na nianze na langu.

Kabla ya kuhamia hapa nilikaa katika kikao cha wazee, katika mji ambao sitautaja. Binti wa kwaya alikuwa amemwambia mama yake jambo juu ya mtu mzima anayeheshimika kanisani. Tulikaa saa tatu, tukaomba, tukafungua Biblia. Tukasema tuyamalize kifamilia, tusimwaibishe mtumishi mbele ya wazungu, tusije tukafungiwa kanisa. Yule mtu akaomba radhi mbele yetu sisi wazee. Binti hakuitwa hata kuketi nasi. Jumapili iliyofuata mtu yule alikuwa kwenye kiti chake mbele, na binti hakuja. Hajarudi kanisani mpaka leo, na mimi ndiye niliyefunga kile kikao kwa maombi.

Kwa hiyo nawaambia bila kuzunguka: jambo la mtoto si la kikao. Hapa Kentucky sheria inamtaka kila mtu anayejua au kushuku kwamba mtoto anadhulumiwa atoe taarifa, awe mchungaji, awe mpishi wa harusi. Piga simu siku hiyohiyo, halafu ndipo uwaite wazee muombe.

Na sadaka. Yako makanisa yetu ambapo sadaka inaingia kwenye simu ya mchungaji, akaunti yenye jina lake na la mkewe. Sisemi mnaiba. Nawajua baadhi yenu mnalipia watu kodi ya nyumba kwa hela zenu wenyewe. Lakini siku mtu atakapouliza, hutakuwa na karatasi ya kumwonyesha. Fungueni akaunti ya kanisa, watie sahihi wawili wasio ndugu, hesabu zisomwe mbele ya watu wote, na sadaka ya akina mama iliyo ndogo itajwe nayo.

Wamarekani wanagawanyika makanisani kwa Republican na Democrat. Sisi tunagawanyika kwa ukoo, na kila ugomvi unazaa kanisa jipya na askofu mpya asiye na mtu wa kumwambia kaka, hapo umekosea. Huyohuyo anafanya kazi ghalani usiku kucha, analala kwa muda wa saa nne tu, Jumamosi anazika, Jumapili anahubiri. Nimemkuta mmoja wenu ndani ya gari, amelala juu ya usukani na suti ya ibada mwilini, injini inanguruma. Mchungaji wa namna hiyo akianguka hakuna atakayejua alianza lini kuteleza. Tafuteni wazee watatu wenye ruhusa ya kuwauliza lolote, nyumba, pesa, simu. Mmoja wao awe mama.

Juu ya uhamiaji nitasema kidogo. Tangu Januari 2025, serikali ilipofuta mwongozo uliowataka maofisa wajizuie kukamata watu makanisani, viti vingine kwetu viko wazi. Msihubiri hofu. Mwiteni mwanasheria aje awaeleze watu haki zao, na wale wasiokuja wapelekewe chakula na shemasi wanayemjua.

Barua hii kabla ya kuituma nilimpigia yule binti. Sasa ni mama wa watoto wawili. Nilimwomba radhi, nikamsomea yote. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika, kisha akaniomba niondoe jina la mji. Nimeliondoa.

Mzee wenu,
Kentucky